Anza na Fensi: Maneno kwa Mafundi Seremala Wanaotaka Kununua Msumeno wa Meza wa Kubebeka

Ndugu zangu mafundi, na ninyi vijana mnaojifunza kazi, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja.

Nimeombwa nizungumze juu ya msumeno wa meza, ule wa kubebeka, wa bei ya kati, ambao fundi mwenye kazi zake ndogondogo anaumudu. Nimefurahi kuombwa, maana swali hili huulizwa karibu kila wiki, na karibu kila mara huja kwa sura ileile: "Fundi, ninunue ya wati ngapi?" Nawaambia kwa moyo mweupe, hilo si swali la kwanza. Lina nafasi yake na nitalifikia. Swali la kwanza ni hili: fensi yake ikoje?

Fensi ni ule mhimili mrefu ulio kuume kwa bledi, yaani lile duara la meno linalokata, ambao mbao inauegemea unapoisukuma. Wati zimeandikwa kwa namba kubwa kwenye boksi. Habari za fensi mara nyingi haziandikwi hivyo, wala muuzaji hazitaji usipomuuliza. Na hiyo fensi ndiyo itakayoamua kama kabati lako litafunga mlango au halitafunga.

Tuelewane kwanza ni mashine ipi tunayoizungumzia. Iko ile ya bei ya chini kabisa, yenye meza ya bati jembamba na miguu inayotetemeka. Iko ile kubwa ya chuma cha kusubu, yenye mota nzito, ambayo ukishaiweka kwenye karakana huihamishi tena. Yetu iko katikati: uzito wake ni kati ya kilo 20 na kilo 35 hivi bila stendi, mtu mmoja mwenye nguvu anaibeba, wawili wanaibeba kwa raha, inaingia nyuma ya gari dogo, na inachomekwa kwenye soketi ya kawaida. Inamfaa anayefunga kabati za jikoni nyumbani kwa mteja, anayetengeneza fremu za milango, anayepasua vipande vyembamba vya kumalizia kuta, anayekata plaiwudi kwa rafu na vitanda. Kama kazi yako ni kupasua magogo au mbao nene ngumu kutwa nzima, hii si mashine yako, na itakufia mikononi kabla mwaka haujaisha. Nalisema wazi kwa sababu nimeona mafundi wakiilaumu mashine nzuri kwa kuipa kazi isiyo yake.

Sasa turudi kwenye fensi. Hapa nitakaa kidogo.

Msumeno wangu wa kwanza wa meza niliununua kwa pesa niliyoikusanya kwa muda mrefu. Sitamtaja aliyeutengeneza. Mota ilikuwa na nguvu, nami nilijivunia hizo nguvu. Kazi ya kwanza ya maana niliyoipata ilikuwa kabati la jikoni, na nilihitaji mbavu sita za plaiwudi, zote za upana mmoja, milimita 560. Nikaweka fensi, nikakaza, nikapasua wa kwanza. Ulipofika katikati nikasikia mota inashuka sauti, kama mtu aliyebeba mzigo akipanda ngazi. Nikanusa harufu ya kuungua. Nilipoutoa, ukingo ulikuwa na alama ya rangi ya kahawa, nyeusi zaidi kuelekea mwisho. Nikadhani bledi ni butu. Nikabadilisha bledi, nikapasua wa pili, ikawa yaleyale. Nikamaliza zote sita hivyohivyo, nikipiga msasa ile kahawia.

Siku ya kufunga, milango ikakataa. Nikapima mbavu zangu moja moja. Mmoja ulikuwa 560 sawasawa, mwingine 558, mwingine ulikuwa 560 mwanzoni na 559 mwishoni. Niliporudi nikapima fensi yenyewe, nikaona ugonjwa. Ilikuwa inabana mbele tu. Nyuma ilikuwa huru, na kila nilipoikaza, mkia wake uliamua wenyewe usimame wapi. Siku ile ulikuwa umesogea milimita mbili kuelekea bledi. Kwa hiyo plaiwudi yangu ilikuwa inaingia kwenye njia inayozidi kuwa nyembamba, imebanwa kati ya fensi na meno ya nyuma. Hiyo ndiyo ile harufu, na hiyo ndiyo ile sauti ya mota. Na ninavyoelewa leo, nilikuwa na bahati kubwa kwamba kilichoharibika ni mbao tu. Nitaeleza kwa nini.

Fensi nzuri ina sifa mbili. Ya kwanza, ukiikaza inabaki sambamba na bledi, kila mara, bila wewe kuibembeleza. Ya pili, hata ukiisukuma kwa ubavu wa mkono kule nyuma, haitingishiki. Mashine kadhaa za daraja hili siku hizi zina fensi inayotembea kwa meno na gia: mbele na nyuma ya meza kuna reli zenye meno, na shafti moja inaunganisha gia za pande zote mbili. Ukizungusha kitasa kimoja, ncha ya mbele na ncha ya nyuma zinakwenda pamoja, hatua kwa hatua. DeWalt ndio waliozoesha mafundi mfumo huu kwenye misumeno midogo, na wengine wameufuata. Nikiwa na pesa ya mashine moja tu, na mbele yangu ziko mbili, moja ina wati zaidi na nyingine ina fensi ya gia, nachukua ya gia bila kurudi nyuma kufikiri. Lakini sisemi fensi ya kubana kwa mkono ni mbaya yote. Ziko zinazobana mbele na nyuma kwa pamoja, imara kabisa. Ndiyo maana nasema usiamini maneno, pima.

Unapimaje dukani? Nenda na futi kamba na kalamu ya wino. Mashine iwe imechomolewa umeme. Inua bledi mpaka juu. Weka alama ya wino kwenye jino moja. Meza ina mitaro miwili inayokwenda sambamba na bledi, ile ya kutelezeshea kiongozi cha pembe. Zungusha bledi mpaka jino lenye wino liwe mbele, pima toka ukingo wa mtaro mpaka kwenye jino. Kisha zungusha bledi, jino lilelile liende nyuma, pima tena. Tunatumia jino moja kwa sababu bledi inaweza kuwa imepinda kidogo, na meno mawili tofauti yatakudanganya. Vipimo viwili vikiwa sawa, bledi iko sambamba na mtaro. Baada ya hapo vuta fensi, ikaze, pima toka kwenye mtaro mbele na nyuma. Ilegeze, ipeleke mbali, irudishe, ikaze, pima tena. Fanya hivyo mara tano. Mwenye duka akikunja uso, mwache akunje. Fensi inayokupa jibu moja mara tano ni fensi. Inayokupa majibu matatu, usiichukue hata ukipunguziwa bei.

Bledi kutokuwa sambamba kidogo si sababu ya kukataa mashine, kwa kuwa nyingi zina skrubu chini ya meza za kuirekebisha. Muulize muuzaji akuonyeshe ziko wapi. Fensi inayobadilika kila unapoikaza haina skrubu ya kuiponya.

Na fensi iende mbali kiasi gani? Bodi ya kawaida ina milimita 1220 kwa 2440. Ukitaka kuipasua katikati kwa urefu unahitaji milimita 610 kati ya bledi na fensi. Mashine isiyofika hapo itakusumbua siku ya kwanza ya kazi ya kabati. Ziko zinazofika 800 na kidogo, na ni raha kuwa nayo, ila zinakuwa nzito na pana zaidi.

Nimewaambia nilikuwa na bahati. Sikilizeni hesabu hii. Chukua bledi ya inchi 10, yaani milimita 254, inayozunguka mara 4,800 kwa dakika. Kila mzunguko mmoja jino linasafiri karibu sentimita 80. Zidisha, utapata meno yanakwenda takribani mita 64 kwa sekunde, ambazo ni kama kilomita 230 kwa saa. Meno ya mbele yanashuka, yanaibana mbao mezani. Hayo hayana ugomvi nawe. Meno ya nyuma yanapanda. Mbao ikibanwa ikagusa meno ya nyuma, yanainyanyua na kuirusha kuelekea kwako kwa mwendo huo. Mafundi wengi wanaliita teke. Wanaodhani watawahi kukwepa hawajaliona. Mara nyingine mbao inapoondoka inauvuta mkono uliokuwa umeishika, na mkono unakwenda kule bledi iliko.

Mbao hubanwa kwa njia mbili kuu. Moja ni fensi iliyopinda, kama ile yangu. Ya pili ni mbao yenyewe. Mmeshapasua mbao mbichi kidogo, au iliyokua kwenye mti ulioinama, mkaona vipande viwili vinafungana kama mkasi nyuma ya bledi? Mti una mikazo ndani yake, na ukiupasua unaiachia. Hakuna fensi duniani itakayozuia hilo.

Kinachozuia ni kisu cha nyuma. Ni kipande cha chuma bapa, kimejikunja kufuata duara la bledi, kinasimama nyuma yake kwa karibu, kinapanda na kushuka nayo, na kinalala nayo ukiilaza kwa pembe. Kinaingia kwenye njia iliyopasuliwa na kuzuia vipande visifungane, na kinazuia mbao isifike kwenye meno yanayopanda. Huko Marekani, misumeno ya meza iliyobuniwa upya ilitakiwa kuwa na kisu cha namna hii kuanzia mwaka 2008. Ulaya walikitaka tangu zamani. Msumeno mpya usio nacho, au wenye kipande cha bati kilichosimama tu mahali pamoja bila kufuata bledi, mimi siuiti wa bei ya kati hata ukiuzwa kwa bei hiyo.

Kisu hiki kina jambo moja dogo ambalo wengi hawalijui, nalo ni unene. Kinatakiwa kiwe kinene kuliko bati la bledi, na chembamba kuliko njia inayokatwa na meno. Ukinunua bledi nyembamba sana kuliko kisu, mbao inakwama kwenye kisu, na hapo ndipo fundi anapokasirika, anakifungua na kukitupa kwenye kona. Unene wa kisu kwa kawaida umechongwa juu yake. Usome kabla ya kwenda kununua bledi, uwe umeuandika kwenye simu yako.

Naomba niseme kwa uchungu kidogo. Nimeingia karakana nyingi, na katika nyingi kisu hakipo, kifuniko cha bledi hakipo, na ukiuliza unaambiwa "vinachelewesha." Kifuniko naelewa, ziko kazi chache ambazo hakipiti, na kwenye mashine nzuri kinatoka na kurudi bila spana. Kisu hakicheleweshi chochote. Kwa hiyo unapochagua mashine, jaribu mwenyewe pale dukani: kifuniko kinatoka kwa mkono? Kisu kinashuka chini na kupanda kwa kulegeza kitasa kimoja? Kama kila kitu kinahitaji spana na dakika kumi, wewe pia utakuja kukitupa kwenye kona. Nakufahamu, maana nami ni fundi.

Huko Marekani peke yake, tume yao ya usalama wa bidhaa imekadiria kuwa watu zaidi ya 30,000 kwa mwaka hutibiwa majeraha ya msumeno wa meza, na karibu 4,000 kati yao hukatika kiungo. Yuko mtu mmoja, Stephen Gass, mwanasheria wa hataza aliyesomea fizikia, aliyebuni mfumo wa SawStop wa kuzuia majeraha hayo mwaka 1999. Bledi inapitisha mkondo mdogo sana wa umeme. Ngozi ikiigusa, mkondo unabadilika, na kipande cha alumini kinasukumwa kwenye meno na kuisimamisha ndani ya milisekunde 5. Mashine ya kubebeka ya SawStop ilitoka mwaka 2015. Ni kitu kizuri kweli. Lakini bei yake inavuka daraja tunalolizungumzia leo, kila inapojifyatua unabadilisha kile kipande na mara nyingi bledi pia, na mbao yenye maji inaweza kuifyatua bure. Anayeweza, anunue. Asiyeweza, ahakikishe kisu cha nyuma kipo na vijiti vya kusukumia viko karibu na mkono.

Vijiti vya kusukumia, tafadhali viwili. Mashine nyingi zinakuja na kimoja cha plastiki kilichofungwa ubavuni. Chonga cha pili mwenyewe kutoka kwenye kipande cha plaiwudi, kirefu, chenye kisigino cha kushika mwisho wa mbao na tumbo la kuikandamiza chini.

Haya, wati. Mashine nyingi za daraja hili zina kati ya wati 1,500 na 2,000. Kwa kazi nyepesi zinatosha zote. Tofauti ya wati 1,600 na 1,800 hutaihisi. Utakachokihisi ni bledi kali na bledi butu. Mota yenyewe kwa kawaida ni ya brashi za kaboni, ileile aina ya drili na grainda: nyepesi, ina nguvu kwa umbo lake, ina kelele, na zile kaboni zinaisha. Kwa hiyo angalia kama zinafikika kwa nje kwa kufungua kifuniko cha skrubu, na ununue pea ya akiba siku hiyohiyo. Mota imekufa mara nyingi kwa sababu tu fundi aliendelea kuikamua kaboni zikiwa zimebaki ukucha.

Vitu viwili vya umeme navithamini kuliko wati. Cha kwanza ni kuanza taratibu, mota isiruke na kudondosha swichi ya umeme ya mteja. Cha pili ni swichi isiyorudi yenyewe. Umeme ukikatika katikati ya kazi, unaiacha mashine, unakwenda kukaa. Umeme ukirudi, mashine yenye swichi ya kawaida inaanza kuzunguka peke yake, labda kuna mtoto anaichungulia. Yenye swichi sahihi inabaki kimya mpaka uiwashe. Dukani jaribu hivi: iwashe, chomoa plagi, chomeka tena. Ikijiwasha, iache hapo.

Na ekstensheni. Mashine ya wati 1,800 kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 8. Ukiiwekea waya mwembamba wa milimita mraba 0.75 wenye urefu wa mita 30, unapoteza takribani volti 11 njiani, na wakati wa kuanza unapoteza zaidi kwa sababu mota inavuta mkondo mkubwa. Waya wa milimita mraba 2.5 wa urefu huohuo unapoteza kati ya volti 3 na 4 tu. Na uufungue wote kutoka kwenye roli. Waya uliojiviringisha unapata moto hadi plastiki inayeyuka. Wenye umeme wa volti 120 jambo hili linawahusu mara dufu, kwa sababu ampea zenu ni 15 kwa mashine ileile.

Ukubwa wa bledi. Kuna inchi 10, na kuna inchi 8 na robo, ambayo ni milimita 210. Ya inchi 10 inakata kina cha karibu milimita 79 ikiwa wima, na takribani 55 ikiwa imelazwa nyuzi 45. Ya 210 inakata karibu 65 ikiwa wima na kama 45 ikiwa imelala. Jiulize unapasua nini. Plaiwudi ina milimita 18. Mbao ya mbili kwa nne ukiilaza haifiki 55. Mimi kwa kazi nyingi za ndani naona 210 inatosha, na mashine yake ni nyepesi, inazunguka haraka, bledi haiyumbi sana. Anayepasua nguzo au kupasua mbao kwa kuisimamisha, achukue 10. Jambo moja kabla ya kulipa: tundu la katikati la bledi. Kuna mashine za tundu la milimita 30 na kuna za karibu milimita 16, kulingana na soko zilikotengenezewa. Hakikisha bledi za tundu lako zinapatikana unakoishi, kwa sababu fundi asiyepata bledi ana meza tu.

Bledi inayokuja na mashine itumie kujifunzia. Kisha nunua mbili nzuri zenye meno ya kabaidi: ya meno 24 kwa kupasua kufuata nyuzi za mti, na ya meno 60 kwa kukata kukingama na kwa plaiwudi na bodi za melamini. Ukilazimika kuwa na moja, ya 40 itakufikisha. Bledi yenye meno mengi ukiipasulia mbao nene inachoma, kwa kuwa unga hauna nafasi ya kutoka.

Meza iwe bapa. Weka rula ya chuma kukingama na uangalie mwanga chini yake. Kile kipande cha meza kinachoizingira bledi kilingane na meza, kisipande wala kuzama, maana kikipanda mbao itakwama hapo kila mara. Mitaro ipendelewe ya kipimo cha kawaida, milimita 19 kwa 9.5, ili uweze kutengeneza sleji yako ya plaiwudi ya kukatia, yaani kibao kinachoteleza kwenye mitaro kikiwa kimebeba mbao. Kiongozi cha pembe kinachokuja na mashine hizi karibu zote kinacheza ndani ya mtaro. Sijali sana, kwa sababu sleji nitaitengeneza tu, na itakuwa sahihi kukishinda. Ila msitumie kiongozi cha pembe na fensi kwa wakati mmoja kukata kipande, kwa kuwa kile kipande kilichokatika kinabaki kimenaswa kati ya fensi na bledi, na mwajua kitakachofuata.

Stendi ya magurudumu ni nzuri kama unapanda na kushuka ngazi za wateja. Kama una wasaidizi, benchi rahisi la mbao linatosha, liwe tu zito na lisiyumbe.

Vumbi nalo. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wazee wetu hawakuambiwa. Sisi tumeambiwa. Chagua mashine yenye mdomo wa kufungia bomba la vakyumu, na hata ukiwa nayo, vaa barakoa. Na masikio yazibwe, kelele za mota hizi zinaumiza, na usikivu ukishapotea haurudi.

Za betri zipo, na zimekuwa na nguvu kuliko nilivyotegemea. Kama tayari una betri za mfumo huo kwa drili zako, ni jambo la kufikiria kwa kazi za kufunga. Kama huna, betri kubwa na chaja zitakula pesa ambayo ingekununulia fensi bora.

Kabla sijasimama hapa, mzee mmoja ameniuliza kuhusu mashine iliyotumika. Mzee wangu, naiunga mkono kabisa, mradi upime mwenyewe. Ichomoe umeme, shika bledi kwa glavu, itikise juu na chini: ikicheza, beringi zimekwisha. Izungushe kwa mkono usikilize, ikikwaruza ni hivyohivyo. Pandisha na kushusha bledi mpaka mwisho. Ikiwa ngumu huenda ni unga na utomvu tu kwenye gia, hiyo brashi na mafuta makavu vinaponya. Muulize mwenyewe kisu cha nyuma kiko wapi. Akisema "kipo nyumbani," mwambie akilete kwanza ndipo muongee pesa, kwa sababu kisu cha mfano huohuo kukipata peke yake ni kazi. Halafu pima fensi, mara tano, kama nilivyosema.

Nje, chini ya kile kivuli, kuna mashine mbili mezani. Zote zimechomolewa umeme. Moja fensi yake iko sawa, na nyingine nimeipindisha nyuma milimita moja na nusu, sijasema ipi. Futi kamba ziko pale, na kalamu za wino. Vijana watangulie.